Glavu za Kuchagulia Kahawa

Bibi yangu hapigi simu kusalimia. Akipiga, ujue kuna kesi.

"Wanataka kuniondoa mezani," alisema asubuhi moja ya mwezi wa saba, kabla sijamaliza kumwamkia.

Nilikuwa nimesimama nje ya ofisi ya wakala wa forodha ninakofanyia kazi hapa Tunduma, mkono mmoja umeshika simu, mwingine uko kwapani. Mwezi wa saba huku kwetu mikono haikai nje bila sababu. Foleni ya malori ya kuingia Zambia ilikuwa haijasogea tangu jana yake, na madereva walikuwa wamejikunyata kuzunguka majiko ya mama lishe kama vifaranga.

"Meza gani, Bibi?"

"Kwani nina meza ngapi?"

Ana moja. Iko Igamba, kwenye kikundi cha wakulima wa kahawa. Kahawa ikishamenywa na kuoshwa humwagwa kwenye meza ndefu za wavu zilizoinuliwa kimo cha kiuno, na wanawake husimama pembeni wakiondoa punje mbovu kwa vidole: zilizovunjika, zilizotobolewa na wadudu, zilizong'ang'ania ganda jekundu. Bibi amesimama mahali pamoja kwenye meza ya kwanza tangu meza hizo zipigwe misumari. Hakuna aliyempangia hapo, lakini hakuna anayethubutu kupachukua, hata siku yeye akiwa msibani.

Sasa vidole vyake vilikuwa vimeanza kufa ganzi asubuhi. Anaona punje mbovu, anainyooshea mkono, vidole vinashika iliyo jirani yake. Mwenyekiti wa kikundi alikuwa amepita nyuma yake siku tatu mfululizo, akaokota mbovu alizoziacha, akaziweka kwenye kiganja chake na kumwonyesha bila kusema neno. Siku ya nne akasema.

"Amenipa wiki mbili. Vidole visipoamka, nihamie jikoni nikapike chai ya wachaguzi."

"Si vizuri hivyo? Utakaa karibu na moto."

Akasonya.

"Mume wangu," alisema. Ananiita hivyo tangu nilipokuwa nanyonya, kama bibi wote wa kwetu wanavyowatania wajukuu wao wa kiume. "Nimeolewa bure. Chai hata mtu kipofu anapika."

Mimi nina ugonjwa wa kuuliza. Mama anasema ulianza kabla ya chuo kikuu, chuo kikuu kiliupa vyeti tu. Kwa hiyo nikauliza kwa nini wasianze kuchagua saa nne, jua likiwa limewaka na vidole vya kila mtu vimeamka.

"Kwa sababu kahawa ikikauka, mbovu inajificha. Ikiwa imelowa inajitangaza yenyewe. Hawakuwafundisha hilo?"

"Hawakutufundisha."

"Miaka mitatu mlikuwa mnafanya nini?"

Nilikwenda sokoni siku hiyohiyo nikapata glavu za mtumba, ngozi nyeusi, zina manyoya ndani, glavu ambazo huko zilikotoka bila shaka zilikuwa za mtu mwenye cheo. Nikazituma kwa basi. Baada ya siku tatu Bibi akapiga simu tena.

"Zina joto?" nikauliza.

"Zina joto sana. Nimeshika kahawa kama naishika kwa mguu. Nimempa jirani anaendeshea pikipiki."

Jioni ile nilikuwa nimekaa barazani kwa mama mwenye nyumba wangu nikiwa nimenuna. Mama huyu ni mtu wa Tanga aliyefuata biashara mpakani miaka mingi iliyopita, na mpaka leo hajaisamehe baridi ya Tunduma. Ana duka la nyuzi, zipu na vifungo upande wa mbele wa nyumba, na mikono yake haijawahi kukaa bure. Anafuma vitambaa vya makochi. Anavifuma kwa vipande vidogo vya mraba, vyenye rangi zilizopangwa duara ndani ya duara, kisha anaviunga. Kila kipande anakiita ua. Niliwahi kumwambia kwamba sijaona ua lenye kona nne. Akaniambia sijaona vingi.

Tuliwahi pia kubishana kuhusu vitambaa vyenyewe. Nilimuuliza vinafanya kazi gani juu ya kochi. Akasema vinazuia kochi lisichafuke. Nikauliza mbona juu ya kitambaa ametandika nailoni. Akasema inazuia kitambaa kisichafuke. Nikauliza mbona wageni anawakalisha kwenye viti vya plastiki. Akaniambia niende nikalale.

"Baba, una nini?" aliniuliza jioni ile. "Mbona kama umefiwa?"

Nikamweleza habari ya meza, vidole, wiki mbili ambazo sasa zilikuwa zimebaki siku kumi, na glavu zilizoishia kwenye pikipiki. Alinisikiliza huku sindano yake inaendelea kudonoa uzi. Nilipomaliza akainua mikono yote miwili mbele ya uso wangu.

"Unaona nini?"

Niliona kitu ambacho nilikuwa nakiona kila siku bila kukiona. Alikuwa amevaa vifuko vya kufuma, maua mawili kila mkono, moja juu na moja chini, yameungwa pembeni na kuachwa tundu la kidole gumba. Vidole vyake vyote vilikuwa nje kuanzia kifundo cha kati.

"Naweza kuokota sindano iliyoanguka nikiwa nimevivaa," alisema.

"Lakini vidole ndivyo vinavyoumwa na baridi. Unafunikaje kisichouma ili kipone kinachouma?"

"Damu inapita wapi kwenda kidoleni? Inaruka?"

Nikamwomba amfumie Bibi jozi moja.

"Nina vitambaa vya send-off, bibi harusi anavitaka Ijumaa. Fuma mwenyewe."

"Mimi?"

"Mikono si unayo? Au unaulizia tu?"

Akanipa sindano ya kufumia, ile fupi yenye ndoana kichwani, na madonge mawili ya uzi wa sweta, moja jekundu na moja la rangi ya maziwa. Kanuni ilikuwa nyepesi kuisikia. Unafunga mnyororo mdogo uwe duara. Unalizunguka duara kwa mafundo marefu, matatu matatu kama mafiga, na kati ya matatu na matatu unaacha nafasi. Kwenye kona unafuma mara mbili ili lipinde. Duara linageuka mraba, na mraba unakua kila unapouzunguka.

Ua langu la kwanza lilikuwa kibakuli. Ningeweza kunywea uji. La pili lilikuwa na kona tano.

"Hili ndilo ua," mama mwenye nyumba alisema, akaliweka mezani na kuliangalia kwa huruma. "Mkono wako mzito, baba. Uzi unaukaba kama mwizi. Uache upumue."

Nikawa naenda na kazi yangu ofisini. Kazi ya forodha ina saa nyingi za kusubiri: mtandao ukikatika, hakuna anayeingia wala kutoka, na sisi makarani tunakaa tukiangalia skrini kama watu wanaosubiri mgonjwa aamke. Siku zile mtandao ulikatika mara nyingi, nikaushukuru kimoyomoyo. Madereva waliokuja kuulizia karatasi zao walinikuta nimeinama juu ya uzi mwekundu.

"Oya dogo, mahari yako wameshapokea?" mmoja aliniuliza dirishani.

"Wanasubiri wewe umalize foleni."

"Basi utazeeka nyumbani!"

Wenzake wakacheka mpaka wakagonga ukuta. Dereva mmoja wa Kizambia, mzee wa makamo, alisimama nyuma yao, kisha akanisalimu, "Mulishani," akauchukua mraba wangu na kuugeuza. Akaniambia kwa Kiswahili chake cha barabarani kwamba nilikuwa nimeruka fundo mzunguko wa tatu. Nikahesabu. Kweli. Nikafumua huku ananisimamia, na aliporidhika akaomba karatasi zake.

Nilipopata jozi ya kwanza inayofanana na jozi, nikafanya jaribio. Siwezi kumpelekea mtu mzima kitu kwa sababu tu mama wa Kitanga kasema damu hairuki. Asubuhi mbili mfululizo nilikwenda kazini nimevaa glavu mkono wa kushoto tu, wa kulia ukiwa mtupu, na nikiwa njiani nilijaribu kufunga na kufungua kifungo cha shati kwa kila mkono. Kushoto kulishinda siku zote mbili, ijapokuwa mimi natumia kulia. Bado nilikuwa na mashaka: pengine mkono wenye glavu ulikuwa unajitahidi kwa sababu unajua unatazamwa. Mama mwenye nyumba aliposikia hilo alikaa chini.

"Mkono unajua," alirudia. "Mwenyezi Mungu akupe mke mvumilivu."

Nikaomba ruhusa ya siku tatu kazini. Siku ya Jumatano nilipanda gari mpaka Mlowo, na kutoka hapo nikachukua bodaboda kwenda Igamba, glavu za Bibi zimekunjwa ndani ya koti langu. Wiki mbili za mwenyekiti zilikuwa zinaishia Ijumaa.

Bibi alizivaa palepale mlangoni kabla hajanikaribisha ndani. Akakunja vidole, akavikunjua. Akaokota punje ya mahindi iliyokuwa chini, akaitupa, akaiokota tena kwa mkono mwingine.

"Nani kafuma?"

"Mimi."

"Nani kafuma?"

"Mimi, Bibi."

Akaniangalia usoni muda mrefu kidogo. "Mume wangu," akasema, "shambani hukuweza, ng'ombe walikushinda, kumbe kipaji kilikuwa huku."

Alhamisi saa kumi na mbili na nusu tulikuwa kwenye meza. Ukungu ulikuwa umelala juu ya mibuni hadi hujui shamba linaishia wapi. Kahawa ilikuwa imetoka kuoshwa, nyeupe, inang'aa, inachuruzika maji kupitia kwenye wavu. Nikagusa. Baridi yake iliingia kwenye kucha kama sindano, na mimi nina miaka ishirini na sita.

Bibi alisimama mahali pake. Kwa nusu saa ya kwanza nilimtazama kama mtu anayetazama mpira. Vidole vilikwenda, vikachukua, vikatupa mbovu kwenye kikopo. Vikaenda, vikachukua, vikatupa. Havikukosea. Mwenyekiti, mwanamume wa miaka hamsini na kitu ambaye Bibi anamwita "yule mtoto" kwa sababu alimbeba mgongoni, alipita nyuma yake mara mbili, akainama, akatafuta, hakupata cha kuokota. Mara ya pili alinipa mkono.

"Msomi, umefanya jambo," alisema.

Nilijisikia vizuri kuliko siku ya mahafali yangu.

Sasa, kikundi hiki kina desturi moja. Mchaguzi hatoki mezani bila kukung'uta. Anasimama kwenye turubai lililotandazwa mwisho wa meza, anakung'uta kanga, anageuza mifuko nje, anapiga mikono, na wenzake wote wanatazama. Kahawa ni ya wote, punje moja ya wote haiendi nyumbani kwa mtu. Wageni hudhani ni mwenyekiti aliyeanzisha jambo hili. Ni Bibi. Alilidai mwenyewe kwenye mkutano miaka mingi nyuma, baada ya kuona mtu akienda nyumbani na viatu vizito, na hata mwenyekiti hukung'uta.

Ilipofika saa ya chai wakaanza kupanga mstari. Zamu ya Bibi ikafika. Akakung'uta kanga: safi. Hana mifuko. Akapiga makofi mawili kama ilivyo kawaida.

Punje nne zikaanguka.

Akajitazama mikono. Akapiga tena. Zikaanguka sita, nyingine ikarukia kwenye kiatu cha mwenyekiti. Akapiga tena, kwa hasira sasa, na zikaendelea kudondoka, tap, tap, kama paa linalovuja. Kila nafasi niliyoiacha kati ya mafundo matatu na matatu, ile nafasi ambayo mama mwenye nyumba aliniambia ni ya uzi kupumua, ilikuwa na ukubwa uleule wa punje ya kahawa yenye ganda lake la ndani. Zilikuwa zimeingia kichwa kwanza na kukaa, zimejipanga kwa mistari kwenye viganja vyote viwili, kama mtu kazishona makusudi.

Mwanamke mmoja wa meza ya pili, jirani yake Bibi, ambaye ametaniana naye tangu ujana wao, akapiga kelele:

"Jamani, shikeni mwizi! Leo kaja na mjukuu wa kumbebea!"

"Na mimi nasema kwa nini anachagua haraka! Kumbe anahamisha!"

"Mwacheni, anapanda shamba mkononi!"

Walicheka mpaka mmoja akakaa kwenye turubai. Bibi naye alikuwa anacheka, lakini nilimfahamu, nikaona amekunja midomo. Alikuwa anaziokota zile punje moja moja anazirudisha mezani mbele ya watu wote, na hakuna aliyemtuma.

Mwenyekiti hakucheka. Alisubiri kelele zipungue.

"Mama, mimi sisemi umeiba," alisema. "Hakuna mtu hapa anaweza kusema hivyo. Lakini nikikuruhusu wewe kusimama hapa na kitu kinachobeba kahawa, kesho mwingine ataniletea sweta la namna hiyohiyo. Nitamjibu nini?"

Nikajitosa. Nikamuuliza kama kanuni inazuia kubeba kahawa au inazuia kuondoka nayo, kwa sababu ni mambo mawili tofauti, na kwamba mtu akizirudisha punje zote mezani basi kilichotokea ni usafirishaji wa ndani.

"Msomi," alisema mwenyekiti, "hapa si forodhani."

"Nyamaza, mume wangu," Bibi alisema bila kunitazama. Kisha akamwambia mwenyekiti, "Unasema kweli. Kesho zikianguka, nitakwenda jikoni kwa miguu yangu. Usinisindikize."

Tulirudi nyumbani. Kilichonikera ni kwamba sikuelewa. Mahesabu yangu yalikuwa sahihi. Kuchagua kahawa ni kazi ya ncha za vidole. Kiganja hakigusi kitu. Ndiyo maana niliacha vidole wazi na kiganja nikakifuma kama kitambaa cha kochi. Nikamwambia Bibi hivyo.

Bibi akamwaga mahindi kwenye ungo, akauweka mbele yangu. "Tazama," akasema, akaanza kuchagua polepole kama anayemfundisha mtoto.

Vidole vilichukua mbovu, sawa. Lakini baada ya kila mbovu tatu au nne, kiganja kilishuka na kufagia. Kiliyasukuma mahindi yaliyokwisha kutazamwa upande, yakajipanga, yakageuka, na yale ya chini yakapanda juu. Kufagia, kugeuza, kuchukua. Kiganja kilifanya nusu ya kazi. Pengine zaidi.

Mimi nimekula kahawa hiyo, nimevaa kahawa hiyo, nimesomea kahawa hiyo mpaka chuo kikuu. Nimemwona Bibi amesimama kwenye meza ile tangu sijui kusoma. Mtu anayeuliza damu inapita wapi na nailoni ya kochi ni ya nini alikuwa hajawahi hata siku moja kutazama mkono wa bibi yake unafanya nini.

"Umeona?"

"Nimeona."

"Basi funga mdomo, fungua uzi."

Bibi kwanza alitaka kuziba matundu kwa mfuko wa nailoni ndani ya glavu. Tukajaribu, baada ya dakika chache mkono ulitoka umelowa jasho kama umechemshwa. Nikampigia simu mama mwenye nyumba. Nilisikia mkasi wake ukikata kitu.

"Subhanallah," alisema nilipomaliza kumsimulia. Kisha akacheka kwa muda mrefu, na alipopumua akasema, "Sasa wewe nani alikwambia kila ua lazima liwe na matundu? Ua la juu liache hivyohivyo, ndilo la kupumulia. La kiganjani fuma fundo juu ya fundo, usiruke nafasi. Kaza."

"Si ulisema mkono wangu mzito, nikiukaza naukaba?"

"Nilisema hivyo kwa vitambaa. Leo kaba."

Tatizo likawa uzi. Kufuma bila nafasi kunakula uzi maradufu, na mimi nilikuwa nimebeba mabaki ya donge moja tu. Bibi akaingia chumbani akatoka na sweta la kijani la shule, langu la darasa la nne, kiwiko kimoja kimetoboka. Hakuniuliza. Alishika ncha ya uzi shingoni akavuta, na sweta likaanza kuisha mstari kwa mstari huku mimi nikilikunja donge. Jua la mchana lilikuwa limeingia mpaka ndani, tukahamia ukutani kwa nje, yeye anafumua, mimi nafuma.

Nikatenganisha maua mawili ya viganjani na kufuma mapya ya kijani, mazito, yaliyokazwa mpaka vidole vyangu vikapata alama za sindano. Kila mzunguko Bibi alileta punje ya kahawa aliyoomba kwa mwenyekiti kwa kazi hiyo maalumu, na kwa ruhusa, akajaribu kuipenyeza. Ilipopenya, nilifumua. Mara mbili ilipenya. Mara ya tatu aliisukuma kwa kidole gumba akakodoa macho, ikagoma.

"Imekataa," akasema. "Endelea."

Ijumaa asubuhi habari ilikuwa imeshazunguka. Wanawake wa meza ya pili walikuja mapema. Yule jirani yake alimsalimu Bibi kwa kuinua mikono juu kama mtu aliyekamatwa na polisi. Bibi akamwambia atunze nguvu, atazihitaji saa ya chai. Akasimama mahali pake, akavuta glavu zake mpaka kwenye kifundo cha mkono: juu nyekundu na nyeupe yenye matundu, chini kijani cha shule. Hazikuwa nzuri. Zilifanana na kitu kilichofumwa na watu wawili waliogombana.

Nilisimama kando na safari hii nilitazama kiganja. Kilishuka, kikafagia, kahawa ikateleza juu ya kijani na kupita. Vidole vikachukua. Kiganja kikashuka. Nilianza kuhesabu nikaacha, kwa sababu alikuwa ananipita. Mwenyekiti alipita mara tatu. Mara ya tatu aliinama muda mrefu mpaka Bibi akamwambia, "Kama umepoteza kitu sema nikusaidie."

Saa ya chai ikafika. Hakuna aliyeharakisha kwenda kwenye vikombe. Bibi akasimama juu ya turubai, akakung'uta kanga, akapiga makofi. Mara mbili. Mara tatu. Akageuza viganja juu, akamnyooshea mwenyekiti chini ya pua.

Mwenyekiti akapitisha kidole chake juu ya ule ufumaji, akabonyeza, akageuza mikono ile upande wa pili na kukagua matundu ya juu moja baada ya jingine. Yalikuwa matupu. Akamwachia.

"Mama, utabaki mezani," alisema.

"Najua," alisema Bibi.

"Sasa mbona hukuniambia tangu mwanzo kwamba unajua?"

"Ulikuwa hujaniuliza."

Jirani wa meza ya pili akapiga vigelegele, mwingine akadakia, na kwa muda palikuwa kama harusini. Nilikuwa nimeshaanza kuandaa maneno machache moyoni, endapo ningeombwa kusema lolote. Hakuna aliyeniomba.

Walipomaliza chai, jua lilikuwa limeshavunja ukungu na meza zote zilianza kutoa mvuke mwembamba. Bibi akarudi mahali pake, akatazama juu, akavua glavu, akazichomeka kifuani ndani ya blauzi na kuendelea na kazi kwa mikono mitupu.

"Bibi! Si uvae?"

"Za nini? Jua si hilo."

Nikapiga hesabu. Siku kumi na tatu, viganja vilivyofumwa mara mbili, sweta moja la darasa la nne, ugomvi na mwenyekiti, simu kwa mtu wa Tanga, vyote kwa ajili ya saa mbili na nusu za asubuhi. Nikamwambia hivyo.

"Saa hizohizo ndizo nilizokuwa sina," alisema. Vidole vyake havikusimama. "Sasa sogea, unanizibia mwanga."

Nikasogea.